Juha Kalulu hakuwa mjinga: Katuni katika historia ya Kiswahili

MTU akitaka kumtusi mwanasiasa siku hizi humwambia kuwa yeye ni katuni. Tusi hilo linaonyesha jinsi tunavyoipima sanaa hii. Wahakiki wetu wa fasihi nao hawako mbali sana na tusi hilo. Riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi vimeandikiwa tasnifu hadi rafu za maktaba zikalemewa. Majina ya matatu na misemo ya khanga pia imepata watafiti wake, na ni jambo jema. Hadithi za picha zimeachiwa watoto, wasafiri na wateja wanaosubiri zamu kwa kinyozi.

Mimi nimezisoma hadithi hizo kwa zaidi ya miaka hamsini. Ninazisoma hadi leo, tena kwa raha, hapa wadi ya Kiuu ninakoishi. Wiki hii naomba msomaji aniruhusu nizitazame kama sehemu ya historia ya lugha yetu, maana ndivyo zilivyo.

Tuanze na majina. 'Katuni' tumelitohoa kutoka Kiingereza. Watanzania wana 'kibonzo' pia, neno fupi na tamu ambalo sisi Wakenya tungelikopa bila kulipia ushuru. Kisha kuna 'kikaragosi', ambalo asili yake ni Karagöz, mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Jina lake maana yake ni 'jicho jeusi'. Karagöz alikuwa mtu wa kawaida, hana elimu lakini mdomo anao, na kazi yake ilikuwa kuwacheka wakubwa kutoka nyuma ya pazia la kitambaa. Wajapani nao husema 'manga', neno ambalo herufi zake mbili hudokeza picha zilizochorwa hivi hivi, bila mpango. Mchoraji Hokusai alilitumia kwa vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutoka mnamo 1814. Hivi hivi tu! Hata wenyewe hawakujitafutia makuu.

Kwetu Kenya, historia hii haiwezi kusimuliwa bila Edward Gitau, mchoraji aliyemzua Juha Kalulu katika miaka ya 1950. Kwa miongo mingi Juha alikuwa mkazi wa kudumu wa kurasa za Taifa Leo. Serikali zilibadilika, sarafu ikabadilika, yeye akabaki pale pale na vituko vyake.

Hebu litazame jina lake polepole. 'Juha' limetoka katika masimulizi ya Waarabu, ambako Juha ni yule mjinga ambaye hadithi ikiisha, wenye akili ndio hubaki wakijikuna kichwa. Waturuki wanamjua ndugu yake kwa jina la Nasreddin Hodja. 'Kalulu' ni sungura katika Kinyanja na lugha jirani huko Malawi na Zambia. Na sungura wa ngano zetu ni nani kama si mjanja wa wanyama wote? Basi msomaji amepewa mjinga na mjanja katika jina moja, kabla hata ya kuiona picha ya kwanza. Nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu dhana ya kinaya kwa miaka mingi, na sijapata mfano mfupi kuliko huo.

Wazee wetu walioajiriwa katika mashamba ya kahawa ya Ruiru walimsoma Juha kwa namna ambayo vitabu vya nadharia havijaieleza vizuri. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Katika kambi za wafanyakazi waliishi Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, hata kama kila mmoja alikikwaruza kwa njia yake. Gazeti likiwa moja, msomaji alikuwa mmoja, watazamaji wakawa kumi. Habari za bei ya kahawa zilihitaji mtu aliyejua kusoma. Juha alihitaji macho tu, kisha maneno machache ya kuthibitisha kile ambacho macho yalikuwa yamekwisha kukihisi. Mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani aliitazama picha, akasikia maneno yakisomwa, akaonyeshwa kwa kidole, na baada ya mwaka mmoja au miwili akawa anayatambua maneno 'wapi', 'pesa' na 'mke wangu'. Huo nao ulikuwa mtaala, ingawa hakuna wizara iliyouidhinisha.

Tukivuka mpaka, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, mlalahoi wa Dar es Salaam ambaye mambo ya mji hayamwendei sawa. Baadaye likaja jarida la Sani. Waanzilishi wake walikuwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Chukua silabi ya kwanza ya kila mmoja, utapata jina la jarida. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, nililitafuta Sani kwa wauzaji wa River Road kama wengine walivyotafuta sukari. Wasomi wengi walitaka kujifunza Kiswahili cha Tanzania katika riwaya za Shaaban Robert, na ni sawa kabisa. Lakini Kiswahili cha mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, anayemdanganya mpenzi wake na kukimbizwa na mbwa, mimi nilikipata humo.

Na majina yake jamani! Ndumilakuwili, kazi ya Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mapema mno, amebeba jina la nyoka mwenye vichwa viwili, jina ambalo Waswahili humpachika mnafiki. Lodi Lofa ni kazi safi zaidi. 'Lodi' ni 'lord' wa Waingereza, mtu mwenye hadhi na pesa. 'Lofa' ni 'loafer', asiye na kazi wala bazi. Lugha ya mkoloni imechukuliwa juu na chini, bwana mkubwa na mzururaji, wakafungwa nira moja na kugeuzwa kuwa kijana mmoja wa Kiswahili anayejidai. Msomi wa isimu angeandika makala nzima kuhusu utohozi hapo. Muuza magazeti alisema tu, "Chukua Lodi Lofa," na kila mtu akamwelewa.

Nchini Kenya, wakati huo huo, hadithi ya picha ilikuwa imeanza kuhamia Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana walikuwa wakigombea jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, wamwone Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara. Hizo hazikuwa picha za kuchorwa bali za kamera, na maneno yalikuwa Kiingereza. Mnamo 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo liliwafundisha wakazi wa Nairobi kujicheka hadi lilipofungwa mnamo 1979. Nalo lilikuwa la Kiingereza. James Tumusiime, Mganda aliyekuja baadaye kuwa mchapishaji mkubwa kwao, alimchora Bogi Benda katika Nation. Kiingereza. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kwake, akatupa Akokhan na Golgoti kabla ya ajali ya matatu kumwondoa mnamo 2012. Kiingereza tena.

Katika miaka ya 1980 Hirst alianza mfululizo wa vitabu vya ngano na visakale vya Kiafrika kwa picha, kikiwemo kile cha Lwanda Magere. Mfululizo huo uliitwa Pichadithi. Ni mfano mzuri ajabu wa uhulutishaji: 'picha' limeshikana na 'hadithi' na silabi moja ikamezwa njiani. Ukikifungua kitabu chenyewe, ndani ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Jina la Kiswahili lilikuwa kanzu tu. Siwalaumu waliovichapa, kwani waliangalia soko lao. Lakini anayedai kuwa Kiswahili hakifai kwa hadithi za picha akumbuke kwamba hata waliokikwepa walikihitaji kwenye jalada.

Kulikuwa na waliokwenda kinyume. Sasa Sema, shirika la uchapishaji lililoanzishwa Nairobi katika miaka ya 1990, lilitoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Mnamo 1996 lilitoa Abunuwasi, kazi ya Godfrey Mwampembwa, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Gado. Nina nakala yangu bado, imechakaa kwa kuazimwa. Kisha mnamo 2010 likaja Shujaaz, lililosambazwa bure ndani ya gazeti la Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, likishirikiana na kipindi cha redio. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akaanzisha kituo cha redio cha siri chumbani mwake. Lilizungumza Sheng, na lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mnamo 2012 na tena 2014.

Wenzangu kadhaa katika taaluma walikasirika. Walisema Sheng inaua Kiswahili. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba kijana aliyesoma kurasa thelathini za Sheng kwa hiari yake yuko karibu na Kiswahili kuliko yule aliyekariri methali hamsini ili azisahau mtihani ukiisha. Lililonihuzunisha ni kwamba hatukumwekea daraja. Alipomaliza Shujaaz, asome nini tena? Juha hakuwa kitabuni. Anayetaka kumsoma Juha Kalulu wa miaka ya 1960 sharti aende kufukua magazeti makuukuu, kwa mfano katika Maktaba ya McMillan jijini, na apige chafya mchana kutwa. Mijarida ya Sani iliishia kufungia maandazi.

Pengo hilo limejazwa na Wajapani.

Githurai 45 ilipata jina lake kutokana na nambari ya matatu. Kwa hivyo hapa kwetu hakuna anayeshangaa jambo likija kutoka mbali na kuwa la wenyeji. Kuanzia sokoni kando ya reli hadi upande wa pili wa barabara kuu ya Thika, vijana wanaijua Naruto ya Masashi Kishimoto kuliko wanavyoijua riwaya yoyote iliyotahiniwa shuleni. Wanabishana kuhusu One Piece, ambayo Eiichiro Oda aliianza mnamo 1997 na hajamaliza. Wanasoma kwenye simu, wakiwa ndani ya matatu, kwa Kiingereza. Mjukuu wangu ndiye aliyenitia katika mkumbo huo, na sasa tunanyang'anyana.

Niliposoma kitabu cha kwanza cha manga kilichochapwa, yeye alifikiri atanicheka kwa sababu kinafunguliwa kutoka nyuma na kusomwa kulia kwenda kushoto. Hakunicheka. Mtu aliyewahi kushika miswada ya tenzi zetu hapotezi njia hapo. Mwengo wa Athumani alipoutunga Utendi wa Tambuka kule Pate, na nakala yake ya 1728 ikabaki hadi leo, mkono ulioandika ulitoka kulia ukielekea kushoto, kwa hati ya Kiarabu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, ambaye mkono wake uliutuhifadhia Utendi wa Fumo Liyongo, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati za kupendeza na mchongaji wa milango, vyote kwa mpigo. Kwake yeye neno na mchoro vilitoka katika karakana moja. Sisi tuliosomea herufi za Kirumi ndio tuliovitenganisha, tukaliita moja fasihi na lingine mapambo.

Kuna jambo jingine la manga ambalo walimu wetu wangelipenda. Kijapani huandikwa kwa herufi nyingi ngumu zenye asili ya Kichina, na mtoto huchukua miaka mingi kuzijua. Katika majarida ya vijana, kando ya kila herufi ngumu huwekwa herufi ndogo nyepesi zinazoonyesha matamshi. Mtoto anaifukuza hadithi, na herufi ngumu zinamwingia akilini bila fimbo. Jarida la Shonen Jump, lililoanzishwa mnamo 1968, lilifikia katikati ya miaka ya 1990 kuuza nakala zaidi ya milioni 6.5 za toleo moja la wiki. Nchi haipati wasomaji wa namna hiyo kwa kuwaogopesha na mitihani.

Wala si hadithi za ngumi tupu. Mwaka ule ule wa 1973 Joe alipozaliwa Nairobi, Keiji Nakazawa alianza kuchapisha Gen wa Hiroshima. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita bomu lilipoangushwa juu ya mji wake mnamo 6 Agosti 1945. Nilikisoma kitabu hicho kwa siku mbili, na siku ya tatu sikusoma kitu. Anayeamini kuwa picha na vipovu vya maneno haviwezi kubeba msiba wa taifa, aanzie hapo.

Sasa nifikie jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu: tanakali za sauti.

Kijapani kina utajiri mkubwa wa maneno yanayoiga milio na hali. Moyo ukidunda kwa hofu au mapenzi ni doki doki. Kitu kikimetameta ni pika pika. Kila mtoto wa Githurai anamjua Pikachu, yule panya wa umeme, lakini wangapi wanajua kuwa jina lake ni tanakali mbili, cheche ya umeme na mlio wa panya? Wana hata neno la ukimya mtupu, shiin, ambalo huchorwa hewani pale ambapo hakuna anayesema. Katika manga sauti hizi hazikai ndani ya kipovu. Zinachorwa, zinapanda ukutani, zinapasuka pamoja na kioo. Ni sehemu ya picha.

Mfasiri wa Kiingereza akifika hapo huhangaika. Mara nyingi huziacha zilivyo, akabandika tafsiri ndogo pembeni, kwa kuwa lugha yake haina akiba ya kutosha. Kijana wa Kiuu anasoma basi Kijapani kilichopunguzwa kwa Kiingereza, ilhali lugha ambayo ingekipokea kizima kizima ameibeba mdomoni mwake mwenyewe. Mwingereza akianguka, huanguka vile vile tu. Mswahili huanguka tifu mchangani, chubwi majini na tapwi topeni, na mvua ikinyesha Githurai hilo la mwisho halihitaji kamusi. Kitu kwetu ni cheupe pe, cheusi ti, chekundu ndu. Mlango hufungwa ndi. Mtu hulala fofofo, giza huwa totoro, nguo hulowa chepechepe. Tuna pikipiki na tingatinga, vyombo vilivyojitaja vyenyewe kwa milio yao. Tuna hata methali iliyosimama juu ya tanakali mbili: ndo ndo ndo si chururu.

Tumezifanyia nini mali hizi? Tumezipanga katika orodha. Katika enzi zote za KCPE, kuanzia 1985 hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mnamo 2023, mtoto alikariri 'anguka tapwi' kama anavyokariri jina la mto wa Siberia. Tanakali ni sauti inayotaka mwili. Inataka mtu aanguke kweli, matope yaruke, na neno lichorwe kubwa likichuruzika. Nje ya usimulizi wa ana kwa ana, sijaona makao bora ya tanakali kuliko hadithi ya picha. DJ Afro anajua hilo. Filamu za Kihindi na za Kichina anazozisimulia kwa Kiswahili chake cha mtaani zimewakalisha watu katika vibanda vya video kote nchini, na nusu ya utamu ni milio anayoitia kinywani mwa ngumi na magari. Hakusubiri kuidhinishwa.

Wachapishaji nimezungumza nao. Jibu lao halibadiliki: kitabu kisichoingia darasani hakiuziki, mchoraji ni ghali, na hadithi ya picha inatumia karatasi nyingi kwa maneno machache. Hesabu hiyo siwezi kuibeza, maana wao ndio wanaolipa mishahara. Ila soko la vitabu vya shule lenyewe limewaponyoka kwa kiasi kikubwa tangu serikali ilipoanza kununua na kusambaza vitabu moja kwa moja mnamo 2018, na aliyekuwa akila kwenye sahani moja tu sasa anaona sakafu yake. Vijana wanaochora wapo. Ninawaona hapa hapa, wanachora Liyongo mwenye nywele za Naruto, na kwa nini wasimchore? Shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, anayehofiwa na mfalme, asiyedhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayeuawa na mwanawe wa kumzaa: mhariri wa Tokyo angeinunua hadithi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Osamu Tezuka, ambaye Wajapani humwita mungu wa manga, alichora kati ya 1950 na 1954 hadithi ndefu ya simba mweupe wa Afrika. Kwao simba huyo aliitwa Leo. Wamarekani wakamwita Kimba. Miaka arobaini baada ya Tezuka kumaliza, Marekani wakatuletea Simba, Rafiki na Pumbaa katika filamu. Majina yetu yamezunguka dunia nzima na kurudi yakizungumza Kiingereza. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Sisi hatujafasiri hata mfululizo mmoja wa Osaka au Tokyo ukauzwa Thika.

Likizo iliyopita mjukuu wangu na mimi tulijaribu, kwa matumizi ya nyumbani tu, ukurasa mmoja ambapo shujaa amesimama peke yake mvua ikiisha. Maneno ya vipovu yalituchukua dakika kumi. Milio ilituchukua jioni mbili. Yeye alitaka mvua iwe 'shwaa' kwenye picha zote. Mimi nikashikilia kuwa mfereji wa paa unasema chururu, kisha unasema ndo, kisha picha inayofuata ndo, kisha ndo ya mwisho peke yake. Alikubali alipoona inavyokaa. Ikabaki picha ya chini kabisa, ile ya shiin. Nikampa 'ji', kama tunavyosema mtu amenyamaza ji.

"Guka, hiyo 'ji' niichore kubwa ama ndogo?"

Nikamwambia aichore ndogo, pembeni. Aliichora kubwa, ikajaza anga lote.